Je, Ushujaa Una Mtihani?

Katika hadithi ya picha ya Kijapani iitwayo My Hero Academia, iliyotungwa na kuchorwa na Kohei Horikoshi na kuchapishwa kwa mfululizo tangu mwaka 2014 hadi 2024, vijana waliozaliwa na vipaji vya ajabu huwania nafasi katika skuli inayofunza majagina. Mmoja hutoa miripuko viganjani mwake, mwengine hukimbia kwa injini zilizomo miguuni, na wa tatu akikigusa kitu hukiondolea uzito kikaelea hewani. Siku ya mtihani wa kuingia, watahiniwa hupelekwa katika mji wa bandia uliojaa maroboti. Kila roboti lina thamani yake: alama moja, mbili au tatu kwa atakayelivunja. Muda ni dakika 10. Lipo pia roboti moja kubwa mfano wa jumba la ghorofa, ambalo imekwishatangazwa kuwa halina alama hata moja. Mwenye akili hulikimbia.

Kijana Izuku Midoriya alikuwa hajapata alama yoyote dakika zikiyoyoma. Roboti lile kubwa likatokea, watahiniwa wakatawanyika, na msichana mmoja, Ochaco Uraraka, akanaswa na kifusi. Midoriya akarudi. Akaruka, akalipiga dude lile pigo moja likaporomoka, na pigo hilo likamvunja yeye mwenyewe mkono na miguu yote miwili. Muda ukaisha naye ana sifuri. Siku kadhaa baadaye akaletewa habari kwamba amefaulu. Kulikuwa na alama za aina ya pili, alama za uokozi, ambazo watahini walikuwa wakizitoa bila ya kumwambia mtu, na yeye amepewa 60.

Msomaji huifurahia sehemu hii kwa kuwa haki imempata mwenyewe. Lakini furaha ikishapita, linabaki swali. Kwa nini watahini walizificha alama hizo? Ikiwa kuokoa roho za watu ndiyo kazi ya jagina, na skuli ile ipo kwa ajili ya kazi hiyo, basi lingekuwa jambo la kwanza kutangazwa. Hawakulitangaza kwa sababu ni rahisi kukisia ambacho kingetokea. Lau watahiniwa wangaliambiwa kuwa kumwokoa mwenzao kuna alama, kila mmoja angaligeuka mwokozi kwa dakika 10. Wangaliwatafuta majeruhi vichochoroni kama wachuuzi wanavyowatafuta wateja. Na pengine angalitokea mjanja mmoja wa kuuacha ukuta umwangukie mwenzake, ili naye apate wa kumfukua.

Hapa ndipo penye fumbo. Alama ya wema hupima wema maadamu haijulikani. Siku inapojulikana, huanza kupima kitu chengine, nacho ni tamaa ya alama. Basi skuli ya majagina, ambayo haina budi kufundisha na kutahini, inawezaje kukipima kile ambacho kikijua kuwa kinapimwa hugeuka?

Horikoshi analiona fumbo hili, na amelitilia mkazo kwa tukio dogo ambalo msomaji mwenye haraka huweza kulipita. Tenya Iida, mtahiniwa hodari na mshika kanuni, anapokutana na Midoriya skulini anamsifu kwa kuing'amua siri ya mtihani. Midoriya hakuwa ameng'amua chochote. Hata hajui la kujibu. Iida si mtu mbaya. Ila amelelewa katika mitihani, na machoni mwake tendo jema lazima liwe ni aina ya werevu, hesabu ya juu zaidi ambayo wengine hawakuifikia. Hakumpitikia mtu anayerudi nyuma bila ya hesabu. Uraraka kwa upande wake, mara baada ya mtihani, alikwenda kuomba sehemu ya alama zake apewe yule aliyemwokoa. Yeye alitumia akili ile ile ya hesabu, lakini aliipindua: aliziona alama kuwa ni kitu cha kugawana.

Suala lenyewe ni kongwe. Katika mazungumzo yaitwayo Meno, yaliyoandikwa na Plato zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Socrates anaulizwa iwapo uadilifu hufundishika. Anatoa mfano wa Themistocles, kiongozi mkubwa wa Athens, ambaye alimsomesha mwanawe kupanda farasi hadi kijana akaweza kusimama wima juu ya mgongo wa farasi anayekimbia na kurusha mkuki. Ufundi wote huo baba aliweza kumpa. Hekima na uadilifu wake mwenyewe hakuweza, na si kwa kutotaka, kwani ni baba gani angemnyima mwanawe kilicho bora akampa kilicho hafifu? Kwa hiyo Socrates hutia shaka: ama uadilifu haufundishiki, ama walimu wake hawajapatikana.

Plato huyo huyo, katika kitabu chake cha Jamhuri, anatoa kisa ambacho ni cha zamani katika jamii ya visa hivi vya uwezo wa ajabu. Mchungaji mmoja aliokota pete ambayo akiigeuza kidoleni haonekani. Hakupita katika skuli yoyote. Muda si muda alimtongoza malkia, akamuua mfalme, akatwaa ufalme. Msimuliaji wa kisa anauliza: yuko nani ambaye akipewa pete hiyo atabaki mwadilifu? Swali hilo ndilo linalowatisha watu wanapofikiria vijana wenye nguvu kupita kiasi, na hofu hiyo ndiyo iliyozijenga skuli za majagina katika hadithi za zama hizi. Hakuna anayeijenga skuli kwa ajili ya kumwongezea nguvu aliyekwishazaliwa na nguvu. Hujengwa kwa kuwa waliomzunguka wanaogopa.

Mwaka 1963 Stan Lee na Jack Kirby walipoanzisha huko Marekani hadithi ya X-Men, waliliweka jambo hilo mbele. Profesa Charles Xavier anafungua skuli ya siri karibu na New York, nayo kwa nje huonekana ni skuli kama nyengine zote. Wanafunzi wake wa mwanzo ni watano. Mmoja wao, Scott Summers, hutoa machoni miale ya kuvunja kuta, wala hawezi kuizuia; hana budi kuvaa kinga ya pekee machoni, la sivyo kila atakachokitazama atakiangamiza. Kwa kijana kama huyu somo la kwanza haliwezi kuwa namna ya kupiga. Ni namna ya kujizuia asipige. Na mazoezi ya wote watano hufanyika katika ukumbi wa mitambo ya hatari, ambamo huweza kukosea bila ya raia kuumia. Skuli kwa maana hii ni mahali ambapo kosa halina maiti. Hilo ni jambo kubwa, na anayebeza skuli kwa kusema kuwa moyo haufundishwi darasani na aanze kwa kulikubali.

Tena yuko Aristotle, ambaye aliipunguza shaka ya Socrates. Kwa rai yake, mtu huwa jasiri kwa kutenda matendo ya kijasiri, kama ambavyo mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga. Uadilifu ni mazoea. Mtoto huanza kuamkia wakubwa kwa kuogopa fimbo au kwa kutaraji peremende, naye hajui bado maana ya heshima. Miaka inapita, fimbo imesahauliwa, peremende hazipo, na maamkizi yamebaki yakiwa yamepata maana. Ikiwa ndivyo, pana ubaya gani wa kuzitangaza alama za uokozi? Mwaka wa kwanza vijana wataokoa kwa ajili ya alama. Mwaka wa tatu wataokoa kwa kuwa mikono imezowea. Samaki mkunje angali mbichi.

Hoja hii ina uzito na haifai kutupwa. Lakini ina sharti ambalo mara nyingi husahauliwa: lazima ifike siku ambayo peremende huondolewa. Mtoto anayepewa peremende kwa kila maamkizi hata akafika umri wa miaka 30 hakufundishwa heshima. Amefundishwa biashara. Na hatari ya vyuo vya majagina, kama vinavyoelezwa na watunzi wa karne hii, ni kwamba ndani yake siku hiyo haifiki kamwe. Alama za darasani hurithiwa na nafasi katika orodha, nafasi hurithiwa na mkataba, na mkataba hurithiwa na idadi ya watazamaji.

Tamthilia ya televisheni ya Kimarekani Gen V, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2023, imelichora jambo hili bila ya huruma. Mahali ni Chuo Kikuu cha Godolkin. Wanafunzi wake hawakuzaliwa na vipaji. Wazazi wao walikubali watoto wachanga wadungwe dawa ya kampuni moja kubwa, na kampuni hiyo ndiyo yenye kuchagua ni nani atakayekuwa jagina mwenye jina na mapato. Chuoni pana orodha ya daraja ambayo kila mmoja huijua nafasi yake ndani yake. Marie Moreau, msichana mwenye uwezo wa kuitawala damu, anaingia mwaka wa kwanza akiwa na shauku ya kupanda. Usiku mmoja, katika ukumbi wa starehe, mchezo wa kujionyesha wa mwanafunzi mwenzake unamjeruhi vibaya mwanamke mmoja shingoni. Wenzake wanakimbia. Marie anabaki, anaizuia damu isimwagike, na yule mwanamke anapona. Malipo yake ni kufukuzwa chuoni, kwa kuwa tendo lake limeacha ushahidi wa fedheha ambayo wakubwa walitaka ifichike.

Kisha hutokea kinyume chake. Mwanafunzi wa kwanza katika orodha anamuua profesa wake, halafu anajiangamiza mwenyewe. Aliyepambana naye kwa kweli ni Jordan Li. Lakini kampuni inaamua kuwa sura ya Marie itapendeza zaidi mbele ya kamera, na sifa anapewa yeye. Aliyefukuzwa kwa tendo alilolitenda anarudishwa na kupandishwa kwa tendo ambalo hakulitenda. Ajabu ya hadithi ni kwamba Marie anakubali. Na kwa nini asikubali? Chuo kimekwishamfundisha somo lake, tena kwa mfano ulio hai: orodha na wema ni vitu viwili vinavyoweza kuachana njia, na mwenye akili hufuata orodha.

Onyo kama hilo lilikuwa limekwishatolewa mapema zaidi. Katika hadithi ya Civil War, iliyotolewa mwaka 2006 na Mark Millar pamoja na mchoraji Steve McNiven, kundi la majagina vijana wenye kipindi chao cha televisheni linawavamia waovu waliowazidi nguvu katika mji wa Stamford, Connecticut. Wanawavamia kwa kuwa kipindi kinahitaji watazamaji. Mmoja wa waovu hao anajiripua, na watu zaidi ya 600 wanaangamia, wakiwemo watoto wa skuli. Katika hadithi zilizofuata mwaka 2007, katika mji ule ule inajengwa kambi ya kuwafunza vijana wenye uwezo wa ajabu. Dawa iliyochaguliwa ni mafunzo, na si dawa mbaya. Lakini ugonjwa uliowaua watu wa Stamford haukuwa ujinga wa mbinu peke yake. Vijana wale waliyageuza maisha ya watu kuwa jukwaa, na hakuna somo la mbinu litakalomponya mtu anayetafuta jukwaa.

Hapa mwenye hoja atasimama na kuuliza jambo la haki kabisa. Aliyefukiwa na kifusi anajali nini? Kama nilivyo uokozi, ukitoka kwa mwenye riya au kwa mwenye ikhlasi, mkono ni mkono na pumzi ni pumzi. Aliyevutwa akatoka hai hana haja ya kuupekua moyo wa aliyemvuta. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitoa mfano wa muuza duka asiyempunja mtoto aliyetumwa dukani, kwa kuwa uaminifu humletea wateja. Kant hakuihesabu kuwa ni adili ya kweli. Lakini mtoto amerudi nyumbani na chenji kamili. Je, si anasa ya wanafalsafa kuuliza zaidi ya hapo?

Si anasa, na sababu yake haimhusu yule aliyeokolewa. Inamhusu wa pili, yule aliyefukiwa nyuma ya jengo, pasipo na kamera wala mtahini. Nia ya mwokozi haiongezi wala haipunguzi uzito wa jiwe alilolinyanyua. Huamua ni jiwe lipi atakalolinyanyua baadaye, na lipi atakalolipita. Muuza duka mwaminifu kwa ajili ya wateja ataacha uaminifu siku atakapojua kuwa mteja huyu ni mpita njia asiyerudi tena. Jagina wa alama ataacha uokozi mahali ambapo alama zinaishia. Kwa hiyo ikhlasi si pambo la ndani ambalo mtu hujivunia mbele ya nafsi yake. Ni ulinzi wa wale wasioonekana, na hao ndio walio wengi duniani.

Pamoja na hayo, kuipenda ikhlasi kuna hatari yake, na Horikoshi amempa hatari hiyo jina na panga. Katika hadithi yake yumo muuaji aitwaye Stain, ambaye anawawinda majagina wanaotafuta fedha na sifa. Anachokishutumu ni kweli: majagina wa bandia wamejaa. Dawa yake ni kuwaua. Iida, ambaye kaka yake alilemazwa na muuaji huyo, anamfuata hadi kichochoroni kulipiza kisasi, na pale pale pana jagina mwengine amelala majeruhi. Stain anamwambia maneno ya kuchoma: kwamba jagina wa kweli angemwokoa kwanza yule majeruhi, na kwamba Iida amesahau. Hukumu hiyo ni sahihi, na imetoka kinywani mwa muuaji. Msomaji hubaki ameshikwa pande mbili. Kumbe mtu anaweza kuujua wema kwa undani, akaweza hata kuwatahini wengine kwa haki, na yeye mwenyewe akawa hana hata chembe yake. Anayejifanya mtahini wa nyoyo za watu amekwishatoka katika kazi ya kuokoa na kuingia katika kazi ya kuhukumu.

Midoriya na mwenzake Todoroki wanafika kumsaidia Iida, na watatu hao wanamshinda Stain. Lakini sheria ya nchi yao inakataza kutumia kipaji kumjeruhi mtu bila ya leseni, na wao ni wanafunzi. Mkuu wa polisi anakwenda hospitali na kuwawekea mambo mawili. Jambo likitangazwa, umma utawashangilia, nao wataadhibiwa. Likifichwa, sifa zote zitakwenda kwa jagina maarufu aliyekuwa karibu na hapo, na tendo lao halitajulikana milele. Wanachagua kufichwa. Ndipo yule mkuu anapoinamisha kichwa chake mbele ya vijana watatu waliofungwa bendeji na kuwashukuru.

Katika sura hiyo fupi pana jibu la sehemu ya fumbo. Mkuu wa polisi hakuwapa alama. Aliwapa shukrani, na vitu hivi viwili havifanani. Alama hutolewa hadharani, nayo humpanga mtu juu ya fulani na chini ya fulani. Shukrani hutoka kwa mtu ikamwendea mtu, haimshushi mwengine, wala haiwezi kuuzwa. Wahenga waliosema tenda wema wende zako usingoje shukrani, walimwonya mtendaji asingoje. Hawakumruhusu aliyetendewa asishukuru.

Huenda msomaji akasema kuwa haya yote ni katuni, na kwamba vijana wa kweli hawatoi miale machoni. Basi na aangalie jaribio lililochapishwa mwaka 1973 na wataalamu wa saikolojia John Darley na Daniel Batson. Waliwachukua wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton, Marekani, vijana waliokuwa wakisomea kazi ya kuwahudumia watu. Kila mmoja alitakiwa aende jengo la pili kutoa mazungumzo. Baadhi yao walipewa kuzungumzia kisa cha Msamaria Mwema, yule aliyesimama njiani kumhudumia majeruhi asiyemjua. Njiani aliwekwa mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Wanafunzi hawakujua kuwa huo ndio mtihani. Walioambiwa kuwa wana nafasi ya kutosha, 63 katika kila 100 walisimama kumsaidia. Walioambiwa waende moja kwa moja, 45. Walioambiwa wamekwishachelewa, 10 tu. Kupewa kisa cha Msamaria au mada nyengine hakukuleta tofauti ya maana.

Matokeo hayo yamefasiriwa kwa njia nyingi, na wapo waliosema kuwa yanaonyesha unafiki wa wasomi wa dini. Tafsiri hiyo ni nyepesi. Wale waliokuwa na nafasi walisimama zaidi ya nusu. Wema ulikuwamo ndani yao. Kilichouziba ni haraka waliyotiwa na waliowatuma, na haraka hiyo ilikuwa ni ya kwenda kutahiniwa, kusimama mbele ya watu na kuzungumza vizuri. Mtihani uliotangazwa uliwapitisha juu ya mtihani ambao haukutangazwa. Kwa hiyo swali la Socrates linaweza kugeuzwa. Kabla ya kuuliza iwapo skuli huweza kutia wema katika moyo wa mwanafunzi, na iulizwe ni kiasi gani cha wema alichokuja nacho ambacho skuli imemnyang'anya kwa kumkimbiza.

Waswahili nao wana jagina wao mwenye uwezo wa ajabu. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya zamani, Liyongo hauawi kwa silaha yoyote isipokuwa kwa kuchomwa sindano ya shaba kitovuni. Hakupata skuli ya majagina. Alikuwa na nguvu zake, uta wake na utungo wake. Aliyetiwa katika mafunzo ni mwanawe. Mfalme wa Pate alimtahini kijana huyo kwa kazi moja: akaijue siri ya baba yake na kuitumia. Zawadi ilitangazwa mapema, nayo ni kuozwa binti wa mfalme. Kijana alifaulu. Liyongo aliyechomwa usingizini alikwenda akapiga goti karibu na kisima, uta mkononi, akafa katika hali hiyo, na watu wakaogopa kusogea kwa kudhani yu hai. Utenzi haukumhesabu mfaulu yule kuwa ni jagina, ingawa kazi aliyoshindwa na jeshi zima aliitimiza yeye peke yake. Kumbukumbu ya pwani imebaki na baba.

Wapenzi wa ushairi huenda wakalifahamu jambo hili kwa wepesi zaidi kuliko wengine. Mizani hufundishwa, na vina hufundishwa. Mwalimu huweza kukaa na mwanafunzi akamwonyesha beti iliyopungua silabi na kituo kilichokwenda kombo, na mwanafunzi asiyekubali kuonyeshwa hafiki mbali. Mashindano ya utungaji nayo yana kazi yake. Lakini hakuna mwalimu anayeweza kumpa mwanafunzi lile jambo linalomfanya asilale mpaka alitunge, na mwenye kutunga kwa ajili ya majaji pekee hujulikana mara moja: beti zake zimekamilika, na hakuna anayetamani kuzirudia.

Basi chuo cha majagina kina kazi tatu ambazo hakiwezi kuzikwepa. Cha kwanza kuwafunza wenye nguvu namna ya kuzizuia, kwa kuwa asiyeweza kujizuia hana haki ya kusifiwa kwa kupiga. Cha pili kuwazowesha kutenda mema hata kabla ya kuyapenda, kwa sharti la kuziondoa peremende siku yake inapofika. Cha tatu, ambacho ndicho kigumu kwa skuli yoyote ya kweli au ya kubuni, ni kuacha ndani ya ratiba muda ambao hauhesabiwi, na njiani nafasi ya kusimama. Watahini wa Midoriya walijitahidi kwa kuzificha alama zao, lakini siri ya namna hiyo hudumu kwa mwaka mmoja. Mwaka wa pili habari itakuwa imekwishaenea, na watahiniwa watafika na orodha ya majeruhi wa kuwaokoa.

Kinachobaki ni walimu wenyewe. Themistocles alimfundisha mwanawe farasi kwa kuwa farasi huonekana, na uadilifu wake mwenyewe aliutumia huko barazani, mbali na macho ya mtoto. Mwanafunzi anayemwona mwalimu wake akichelewa darasani kwa kuwa alisimama njiani kumsaidia mtu, naye asiseme lolote kuhusu hilo, amepata somo ambalo halimo katika mtaala. Hatatahiniwa. Na pengine mwalimu hatajua kamwe kuwa alilifundisha.